Jerotich na Waya wa Tatu

Jerotich alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na karibu nusu ya umri huo alikuwa ameumaliza ndani ya chumba kimoja mtaani Bondeni, mjini Nakuru, akitengeneza redio, ampu na spika. Ufundi hakuusomea chuoni. Alifundishwa na mjomba wake Elphas, mzee mwenye mikono mikubwa na hasira fupi, aliyemwachia chumba, meza na mita ya kupimia umeme alipostaafu. Wateja wageni walikuwa wakimsalimia, wanatazama huku na huku, kisha wanauliza fundi atarudi saa ngapi. Hakuwa akipoteza maneno. Alinyoosha mkono tu apewe redio.

Wiki moja mwezi wa pili, simu ilimjia kutoka Marekani. Aliyepiga alijitambulisha kuwa Wamuyu, nesi, mzaliwa wa Rongai.

"Auntie, nimepewa namba yako na mwalimu wa kwaya hapo Nakuru. Baba yangu anafikisha miaka themanini Jumamosi. Nimemtumia konveta, imefika, lakini naogopa wataiharibu."

Jerotich alimwomba amtumie picha. Alipoiona, alikaa chini. Konveta ni chombo kinachopokea muziki uliohifadhiwa kwa namba ndani ya kompyuta, kikaugeuza kuwa umeme wa sauti ambao ampu inaweza kuukuza. Zile alizozoea zilikuwa ndogo kama kiberiti. Hii ilikuwa kipande cha chuma cheusi chenye uzito wa mtoto wa darasa la kwanza, na thamani yake ingenunua ng'ombe watatu wa maziwa.

"Mbona kubwa hivi, mami?"

Wamuyu akaeleza. "Baba haoni tena. Presha ya macho. Alikuwa anaongoza kwaya, na mama alikuwa anaimba sauti ya pili. Kuna kanda za zamani, nimezifanyia kazi huku miaka miwili. Mama alishatuacha. Nataka amsikie vile alikuwa, si vile anasikika kwa simu."

"Nitaenda mwenyewe," Jerotich akasema. "Waambie wasiguse kitu."

Waliguswa na haraka ya sherehe, wakagusa. Jumamosi saa tatu asubuhi Jerotich alipoingia sebuleni kwa Mwalimu Mburu, nje kidogo ya Rongai, alimkuta kifungua mimba wa nyumba hiyo, Ndegwa, amepiga goti nyuma ya kabati. Mkono mmoja ulikuwa na waya wa konveta, ule uliotoka nayo Marekani, na mwingine ulikuwa na adapta ya pini mbili aliyoinunua dukani asubuhi hiyo. Kilichobaki ni kuchomeka tu.

"Wacha!" Jerotich alipaza sauti hata kabla ya salamu.

Ndegwa aligeuka. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na tano, mkulima wa mahindi, aliyezoea kusikilizwa. "Na wewe ni nani?"

"Fundi. Dada yako amenituma. Weka hiyo waya chini, tafadhali."

Alimsogelea, akaigeuza konveta taratibu, akamwonyesha kidirisha kidogo mgongoni mwake chenye namba mia moja na kumi na tano. "Hii bado inangoja umeme wa Marekani. Wetu ni mara mbili yake. Ungechomeka, ungesikia mlio mmoja, halafu moshi."

Ndegwa alisimama akapangusa magoti.

Jerotich alikaa sakafuni, akafungua kitabu cha maelezo kilichokuwa bado ndani ya nailoni yake, akakisoma ukurasa kwa ukurasa huku watu wa nyumba wakipishana na masufuria. Alihamisha swichi kwenye namba ya umeme wa Kenya. Akatoa fyuzi iliyokuwamo, akaweka ile ambayo kitabu kilisema ndiyo ya umeme huo. Adapta akaitupa kwenye mfuko wake wa taka, akatoa waya aliokuja nao, wenye plagi ya pini tatu. Kisha akaitoa konveta juu ya ampu, mahali ilipokuwa imekalishwa kama kuku anayeatamia, akaiweka rafu yake peke yake. Mwisho akainua kitambaa cheupe cha kufuma kilichokuwa kimeifunika, akakikunja.

"Hicho nimekifuma mwenyewe," alisema Winrose, mke wa Ndegwa, akiwa mlangoni na sinia ya vikombe. "Kila kitu hapa kina kitambaa."

"Ni kizuri, mama. Lakini hii inapumua kwa juu. Ukiifunika inapata joto mpaka inakufa."

Winrose alikichukua kitambaa chake, na kwa namna alivyokichukua, Jerotich alijua amepoteza rafiki ambaye hata hakuwa amempata.

Ampu na spika zilikuwa zimefungwa wiki hiyo na fundi mwingine, kijana wa sokoni. Ndegwa alisema zilikuwa zikinguruma kidogo lakini yule fundi alizituliza. Jerotich alitaka kujua alizituliza kwa dawa gani. Alifungua plagi ya ampu kwa bisibisi. Nyaya mbili zilikuwa mahali pake. Waya wa tatu, ule wa kijani na njano ambao mafundi huuita earth, ulikuwa umekatwa, ncha yake ikakunjwa na kufungwa utepe mweusi, nadhifu kabisa, kama kidole kilichofungwa bendeji.

Aliutazama kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kisha akaumenya, akaurudisha kwenye skrubu yake, akawasha ampu.

Mngurumo uliotoka kwenye spika ulitetemesha vioo vya kabati. Kutoka jikoni mtu aliuliza kama ni trekta.

"Umeona sasa?" Ndegwa alisema. "Yule kijana alikuwa anajua. Kata."

"Sikati."

"Madam, wageni wanafika saa nane. Kata hiyo waya, unganisha hiyo kitu, ukule pilau uende nyumbani."

Jerotich alizima ampu. Alichukua mita yake, akagusisha ncha moja kwenye bati la ampu, na nyingine kwenye waya mrefu alioupitisha dirishani na kuuchomeka kwenye udongo wenye unyevu. Akamgeuzia Ndegwa asome. Mia moja na kumi na mbili.

"Hiyo ni umeme, na ampu imezimwa," akasema. "Iko hapa nje, kwa bati, mahali mtu anashika. Na waya wenyewe nimeshaurudisha. Kuna kitu kingine kimeharibika kwa hii nyumba. Nipe muda nikitafute."

"Hiyo ni kawaida. Kila kitu hapa hupiga shoti kidogo."

"Si kawaida. Ni bahati."

"Unajua nini?" Ndegwa alipandisha sauti. "Hii ni nyumba yetu. Sijakuita mimi. Nitampigia yule kijana, atakuja na pikipiki, dakika kumi amemaliza."

"Nyumba ni yenu, sikatai. Lakini mkono ni wangu, na huu mkono haukati." Akapiga goti, akachomoa fyuzi kutoka plagi zote mbili, ya ampu na ya konveta, akazitia katika mfuko wa aproni yake na kufunga kifungo. "Mwite. Akija atazikuta hapa. Na ukitaka kuzitoa kwa nguvu, anza kwa kumwita chifu, maana sitatulia."

Watu walikuwa wameacha kupishana. Jerotich hakuwa mtu wa ugomvi. Lakini miguu yake ilikuwa imekaa sakafuni kama nguzo za ua, naye akaiacha ikae.

"Nani anapiga kelele kwangu?"

Sauti ilitoka barazani. Mwalimu Mburu aliingia akipapasa ukuta kwa mkono wa kushoto, mrefu, mkavu, amevaa tai tayari kwa wageni wake. Chumba kikanyooka kama darasa.

"Ni huyu fundi, Baba," Ndegwa alisema. "Anakataa kufanya kazi."

"Nimemsikia akifanya kazi tangu saa tatu. Anakataa nini?"

"Kukata waya wa tatu, Mwalimu," Jerotich alijibu mwenyewe.

Mzee alitafuta kiti, akakaa. "Nimefundisha hesabu na muziki. Umeme sikufundisha. Huo waya wa tatu kazi yake ni nini?"

"Siku nyingi hauna kazi. Wale wawili ndio wanabeba umeme. Huo wa tatu unangoja tu. Siku umeme ukitoroka ndani ukakaa kwa bati, ndio unaushusha chini kwa udongo, na swichi kuu inaruka, inajizima yenyewe, kabla mtu hajashika. Ukiukata, umeme unangoja mtu ndio upite kwake. Na Mwalimu, hapa mtu wa kwanza ni wewe. Sisi wengine tunatafuta kitufe kwa macho. Wewe utapapasa bati lote."

Mzee aliviangalia viganja vyake, ingawa hakuviona.

"Mafundi wengi wanakata?" akauliza.

"Wengi. Mngurumo unaisha haraka, mteja anafurahi." Angeweza kuishia hapo. Miaka kumi na tisa alikuwa akiishia hapo. "Hata mimi nilikata. Kulikuwa na mkutano wa injili huko Salgaa, vyombo vinanguruma, watu wanangoja, mjomba akaniambia kata, nikakata. Dada mmoja anaitwa Chemutai, tulikuwa tunaimba kanisa moja, akashika maikrofoni mvua ikiwa imeanza. Hakuweza kuiachia. Mpaka mtu akapiga waya teke. Alipona. Lakini vidole vyake vya kulia vimekunjika mpaka leo, na mbele ya watu hajaimba tena. Huo waya niliukata kwa kisu changu. Kwa hivyo hapa sitakata hata kama wageni watakula pilau kimya."

Winrose aliweka sinia mezani polepole.

"Baba," Ndegwa alisema, sauti yake imeshuka lakini haijakubali, "hawa mafundi wa Bondeni ndio kawaida yao. Wanaongeza kazi ndio waongezewe pesa."

"Wamuyu ameshanilipa," Jerotich akasema. "Sitaki hata shilingi zaidi. Nataka kuona mahali earth ya hii nyumba inaingia kwa udongo."

"Mwonyeshe, Ndegwa," mzee akasema. "Na kama wageni watafika kabla ya muziki, wapewe chai."

Walitoka nje. Kwenye kisanduku cha mita, waya wa kijani na njano ulishuka ukutani, ukafika chini kwenye majani, ukaishia hewani. Nguzo ya shaba iliyopaswa kuzikwa pale ilikuwa imeng'olewa zamani na wezi wa vyuma chakavu. Palibaki tundu lililojaa siafu. Nyumba nzima, kuanzia friji hadi taa ya bafuni, ilikuwa imeishi miaka bila kushika ardhi.

Ndegwa aliinama akalitazama tundu lile.

Alipanda bodaboda hadi duka la vifaa Rongai, akarudi ameikumbatia nguzo mpya ya shaba kama mkuki. Alichagua mahali nyuma ya jikoni ambapo maji ya kuoshea vyombo humwagika na udongo haukauki, kisha akaanza kuipigilia. Ilikuwa saa saba. Jua la mwezi wa pili lilikuwa kali, na chini ya udongo laini kulikuwa na tabaka la mawe ambalo kila pigo lilirudisha mikononi. Wageni walianza kuingia langoni wakiwa na kofia zao na zawadi zao, wakamkuta mwanamke mwenye aproni, jasho likimtoka kidevuni, akipiga chuma kwa nyundo ya ratili saba.

"Mama, leta nyundo nikusaidie," mmoja alimwambia.

"Ukitaka kusaidia, leta maji."

Huyo mmoja alikuwa Kipkemei, jirani wa shamba la pili, ambaye aliimba besi katika kwaya ya Mwalimu tangu ujana wake. Mwaka wa vurugu za uchaguzi, nyumba zilipochomwa, majirani wakakimbiana, yeye ndiye aliyezificha kanda za kwaya chini ya magunia ya mahindi yake hadi wenyewe waliporudi. Alivua koti, akaleta maji kwa ndoo, akawa anamimina kidogo kidogo pembeni ya nguzo huku Jerotich akipiga. Nguzo ikashuka. Ilipobaki urefu wa kiganja, Jerotich alifunga waya kwa kibanio, akakaza mpaka bisibisi ikalia.

Ndani, alibonyeza kitufe cha kujaribia kwenye swichi kuu, ikaruka kama ilivyotakiwa. Akairudisha. Mita iliyosoma mia moja na kumi na mbili sasa ilisoma moja na ushei. Akarudisha fyuzi, akawasha ampu. Mngurumo ulikuwa umepungua nusu, lakini ulikuwepo.

"Bado," Ndegwa alisema, na safari hii ilikuwa kama swali.

Jerotich alifuata nyaya kwa vidole, moja baada ya nyingine, hadi akafika kwenye king'amuzi cha televisheni, ambacho waya wake wa sauti ulikuwa umechomekwa kwa ampu na waya wake mwingine ukipanda hadi dishi la juu ya paa. Dishi nalo lilikuwa limefungwa kwenye bomba refu la chuma lililozama ardhini. Umeme mdogo ulikuwa ukizunguka kati ya ardhi hizo mbili, ukipita ndani ya muziki. Akauchomoa waya wa sauti.

Kimya. Kimya kizito, safi, ambacho mtu hukijua tu pale kelele aliyoizoea inapokatika.

"Na mpira nitasikilizaje?" Ndegwa aliuliza.

"Kwa spika za TV, kama watu wote."

Hata Winrose alicheka.

Ilikuwa imebaki kazi moja, nayo ilikuwa ngumu kuliko ya nguzo. Jerotich alimwita Mwalimu akae mbele ya rafu.

"Mama, utatuonyesha sisi," Ndegwa alisema upesi. "Baba asiguse. Hiyo ni kitu ya bei, na haoni."

Mzee aligeuza uso upande wa sauti ya mwanawe. "Mnanikatia nyama. Mnanimiminia chai. Mmeniambia nisitoke hadi langoni peke yangu, nikanyamaza. Hii imetumwa kwa jina langu na nitaiwasha kwa mkono wangu. Asiyetaka kuona aende jikoni."

Hakuna aliyekwenda jikoni.

Jerotich alivunja njiti ya kiberiti, akaibandika kwa gundi kwenye kirungu cha sauti cha konveta, ili kidole kiisikie. "Ikiangalia chini, sauti ni ndogo kabisa. Kila siku anza hapo. Hii chombo ina nguvu. Ukiiachia yote mara moja itararua spika, na itararua masikio yako. Hayo usiyachezee, Mwalimu."

"Siyachezei. Ndiyo yamebaki."

"Sasa, konveta kwanza. Bonyeza. Hesabu thelathini, inapoamka hukohoa kidogo. Ukiwa umewasha ampu tayari, hiyo kikohozi itakuwa bomu kwa spika. Ukishahesabu, ndio ampu. Jioni unageuza: ampu kwanza, halafu konveta. Ampu ni wa mwisho kuamka na wa kwanza kulala."

"Wa mwisho kuamka, wa kwanza kulala," mzee alirudia. "Kama mwanafunzi mvivu."

"Hivyo hivyo. Radi ikianza, zima, chomoa zote ukutani. Ukisikia harufu ya kuungua, usichunguze. Toka, mwite mtu azime swichi kuu."

Alimwambia afanye mara tatu. Mara ya kwanza alisahau kuhesabu. Mara ya pili alipapasa bati lote la ampu, juu, pembeni, nyuma, na Jerotich aliikunja mikono yake kifuani asije akamwongoza. Mara ya tatu hakukosea hata kidole.

Basi saa tisa na robo, wageni wakiwa wamejaa hadi barazani, Mwalimu Mburu alibonyeza konveta, akahesabu thelathini kwa sauti, akawasha ampu, na kwa kidole kimoja akaisogeza njiti ya kiberiti juu kidogo. Ndegwa akabonyeza kompyuta iliyokuja na konveta, yenye kanda zote ndani yake.

Kabla ya wimbo, zilisikika pumzi. Watu thelathini wakivuta hewa katika ukumbi wa shule miaka arobaini iliyopita, kiatu kikisogea sakafuni, karatasi ikigeuzwa. Kisha kwaya ikafunguka. Sauti hazikutoka kwenye spika, zilisimama pale chumbani, kila sauti mahali pake, na kushoto kidogo, nyuma, sauti moja ya mwanamke yenye mkwaruzo mdogo iliingia na kuubeba wimbo kwa chini.

"Huyo ni Milcah, mama yake Wamuyu," Kipkemei akasema kwa sauti ya kunong'ona.

Mzee alikuwa ameshasimama. Mkono wake wa kulia ulipanda, ukatulia hewani, ukaanza kuongoza. Alipofika kwenye mstari wa sauti ya pili aligeuza mwili kushoto, pale pale sauti ilipokuwa, akaikaribisha kwa kiganja. Machozi yalimtiririka hadi kwenye tai lakini mkono haukukosa pigo.

"Ongezeni sauti!" mtu alipiga kelele kutoka barazani, na Ndegwa, amechangamka, akanyoosha mkono kwenye kirungu.

Mzee alimchapa kwenye kifundo cha mkono bila kugeuka. "Toa mkono. Walio nje wasogee karibu."

Wakasogea. Walisikiliza nyimbo tisa. Zilipoisha, zilifuata hotuba, na Ndegwa aliwashukuru wote waliofanikisha siku: wapishi, mchungaji, dada yake kule ng'ambo, waliokopesha viti. Fundi hakutajwa. Jerotich aliendelea kula pilau yake, akaomba na kachumbari.

Saa kumi na moja alimuaga Mwalimu, ambaye alimshika mikono yote miwili na kumwambia tu, "Uje siku moja bila bisibisi." Ndegwa akajitolea kumfikisha barabarani kwa pikapu. Walipita mashamba yaliyolimwa tayari yakingoja mvua.

"Ulinidharau mbele ya baba yangu," Ndegwa alisema hatimaye.

"Nilikukatalia. Kudharau ni kitu kingine."

Alifikiria hilo kwa umbali wa shamba zima. Walipofika penye lami alipunguza mwendo, lakini hakusimama.

"Kuna ile mashine ya kukatia ng'ombe majani, kwa banda," akasema, macho yakiwa mbele. "Wakati wa mvua hunipiga shoti mpaka kwa kiwiko. Yule kijana aliniambia nikuwe navaa gambuti."

"Plagi yake alifunga nani?"

"Yeye."

Jerotich aliuvuta mkoba wake wa vyombo kutoka sakafuni, akaupakata.

"Geuza gari," akasema.

Ndegwa akageuza.